Uzi: Naomba ushauri wa safari ya picha na kutembea kwa miguu Fiordland, New Zealand (Desemba hadi Januari)

PichaUpareni · 6 Aprili

Wakuu, heshima zenu. Kazi yangu ni picha. Hapa Moshi napiga harusi na mahafali ili mkono uende kinywani, lakini roho yangu iko msituni. Mwaka wa sita sasa napanda Shengena kila nikipata upenyo, nikapige ukungu na miti yenye ndevu. Mdogo wangu anasoma Dunedin, New Zealand, na amenialika nikakae naye likizo ya kiangazi chao. Nina wiki tatu, tarehe 12 Desemba hadi 2 Januari.

Ninachokifuata ni ile kona ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Kusini, Fiordland. Kwa ambao hawajaisikia: zamani sana mito ya barafu ilichimba mabonde marefu milimani, barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia, ndizo fiodi hizo. Ndiyo maana unakuta maji ya chumvi katikati ya milima, na kuta za mawe zinapanda wima zaidi ya mita elfu moja kutoka kwenye maji. Yote ni hifadhi ya taifa tangu 1952, zaidi ya hekta milioni 1.2, na barabara ya lami inayofika baharini ni moja tu.

Mpango wangu: njia tatu za kutembea kwa miguu, siku nne Milford Track, siku tatu Routeburn, siku nne Kepler, kisha fiodi mbili, siku mbili Doubtful Sound, siku mbili Milford Sound kwenye boti, na zinazobaki kuendesha gari na kupiga picha njiani. Tutakuwa mimi na mdogo wangu, gari ni lake. Nina kamera mbili, lenzi tatu na tripodi nzito.

Maswali: mpango huu unawezekana? Nipunguze nini? Mvua ikoje? Na mtu aliyezoea Kilimanjaro anahitaji kujiandaa na nini zaidi?

Mzee_wa_Same · 6 Aprili

Nakaa hapa nisubiri wajuzi. Zile picha za Shengena za mwaka jana, mti umeinamia korongo, ni zako? Hongera sana binti yangu. Umetutoa kimasomaso Wapare.

Kusini_Kabisa · 7 Aprili

Dada karibu. Mimi nipo Invercargill mwaka wa tisa, mji wa Te Anau ni kama saa mbili kwa gari kutoka kwangu na nimekwenda kila msimu. Nimeusoma mpango wako mara mbili na nitasema nilichokiona: siku zote umezijaza. Hakuna hata moja uliyoiachia mvua.

Milford Sound hupata zaidi ya milimita 6,000 za mvua kwa mwaka. Dar hupata kama 1,100. Fikiria mvua ya Dar ya mwaka mzima mara tano na bado. Upepo unatoka magharibi juu ya bahari tupu, unagonga ile milima, unamwaga kila ulichobeba. Hakuna msimu mkavu, Desemba ikiwemo. Unaweza kupata siku tatu za jua, unaweza kupata siku tano za maji matupu.

Lakini sikiliza, wewe ni mpiga picha. Mvua ndiyo uliyoifuata. Siku ya jua Milford utaona maporomoko mawili makubwa ya kudumu, Lady Bowen yenye mita 162 na Stirling yenye kama mita 150, pamoja na madogo machache. Ikinyesha kwa nguvu, kuta zote zinageuka maji. Mamia ya michirizi myeupe inashuka kwenye jiwe jeusi, mingine inapeperushwa na upepo kabla haijagusa chini. Mvua ikikatika, baada ya saa chache mingi imekauka. Aliyelala Te Anau akisubiri jua anafika amechelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: chagua njia ndefu MOJA kati ya hizo tatu. Siku utakazookoa ziache tupu kabisa, lala karibu na barabara ya Milford, halafu acha hali ya hewa ikupangie.

Sasa Milford Track. Ni kilomita 53.5, siku nne usiku tatu, na msimu wa Desemba unatembea upande mmoja tu, kutoka kichwa cha Ziwa Te Anau hadi Sandfly Point. Kwa siku wanaruhusiwa watu 40 wanaojitegemea. Ukianza umeanza, usiku wa kwanza Clinton Hut, wa pili Mintaro, wa tatu Dumpling, hema haliruhusiwi. Nafasi zinauzwa na Idara ya Uhifadhi, DOC kama tunavyoiita hapa, kwenye tovuti yao, na za Desemba huisha siku ileile zinapofunguliwa. Angalia tarehe ya ufunguzi sasa hivi, kaa na kadi yako mezani, na kumbuka tofauti ya saa. Wageni wanalipa zaidi ya wenyeji, hilo lijue kwenye bajeti.

Ukiikosa usilie. Kepler ni kilomita 60, ni duara, inaanzia na kuishia pale pale Te Anau, gari linakusubiri. Routeburn ni fupi, kama kilomita 33, lakini mwanzo na mwisho wake vimetengana kwa barabara zaidi ya kilomita 300, itabidi ulipie usafiri wa kukurudisha. Kwa watu wawili wenye gari moja, Kepler ndiyo ya akili.

Wagumu_Marangu · 7 Aprili

Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, mwaka 2004. New Zealand sijafika ila nimepandisha wateja wengi kutoka kule na tumeongea sana njiani. Dada, usidanganywe na namba. Sehemu ya juu kabisa ya Milford Track, Mackinnon Pass, ni mita 1,154. Arusha mjini penyewe ni kama 1,400. Utasema kilima cha watoto.

Shida ya kule siyo hewa nyembamba. Shida ni baridi yenye maji. Kule wako nyuzi 45 kusini mwa ikweta, msitu unakatika kwenye mita elfu moja tu, juu yake ni majani na mawe, na theluji inaweza kuanguka hata mwezi wa kiangazi. Mtu aliyelowa, ana upepo, amechoka, anaanza kutetemeka, halafu anaacha kutetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo ni hatari kuliko kichwa kuuma cha Kibo.

Pili, huku kwetu mgumu anabeba, mpishi anapika, wewe unabeba maji na kamera. Kule ukitembea kwa kujitegemea unabeba kila kitu mgongoni: begi la kulalia, chakula cha siku zote, sufuria, nguo. Pima begi lako leo. Ongeza kamera mbili na lenzi tatu na hiyo tripodi nzito. Kisha panda nalo kutoka Marangu Gate hadi kibanda cha Mandara, uniambie. Kamera moja, lenzi mbili, tripodi nyepesi.

Nguo za pamba acha nyumbani. Sufi au zile nguo nyepesi zinazokauka haraka, koti la mvua la kweli, suruali ya mvua, glavu, kofia. Nguo za kulalia weka kwenye mfuko usiopitisha maji na usiziguse mchana hata ulowe vipi.

PichaUpareni · 7 Aprili

@Wagumu_Marangu kaka asante, nitapima begi wiki hii na nitaleta jibu. @Kusini_Kabisa umenifungua macho. Nilikuwa nahesabu siku kama mtu anayehesabu picha za albamu ya harusi.

Rwenzori_Kasese · 8 Aprili

Habari zenu ndugu. Nimetembea Rwenzori mara kumi na zaidi nikiwa na kamera. Maji nayajua, naomba kuongezea hapo.

Mfuko wa kamera wenye zipu peke yake hautoshi. Tumia ile mifuko ya kukunja mdomo wanayotumia watu wa mitumbwi, kamera ndani yake, mfuko ndani ya begi. Beba vitambaa vya kufutia lenzi vingi, sita au saba, kila kimoja kwenye nailoni yake, maana kikilowa hakifuti tena, kinapaka. Kizuizi cha jua cha mbele ya lenzi kiache kimefungwa daima, hata hakuna jua, kinakinga matone.

Kosa lililoniharibia lenzi: nilitoka kwenye baridi nikaingia kwenye kibanda chenye jiko na watu ishirini wanaokausha soksi, nikafungua kamera palepale. Ukungu uliingia ndani ya vioo, ukakaa, kuvu ikaota. Ukifika kibandani acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba. Hata kama unatamani kuona picha. Subiri saa nzima.

Na msituni penye mvua chukua filta ya polaraiza. Majani yaliyolowa yanang'aa meupe kwa sababu ya mbingu, ukizungusha polaraiza ule weupe unaondoka na kijani chenyewe kinatokea. Kuliko filta nyingine yoyote, hiyo.

DroniNakuru · 8 Aprili

Na droni je? Picha za juu za hizo kuta si ndizo zenyewe?

Kusini_Kabisa · 8 Aprili

Acha nyumbani. Kwenye ardhi zote za hifadhi huruhusiwi kurusha bila kibali cha DOC. Milford pana uwanja mdogo wa ndege, helikopta na ndege ndogo zinapita kati ya zile kuta siku nzima. Pia ndege wa porini wanasumbuka. Kusema kweli, ukimya wa kule ni kitu ambacho watu wamesafiri nusu ya dunia kukifuata.

Bi_Mwanakombo · 9 Aprili

Salaam aleikum nyote. Mie ni wa Mombasa, nakaa Wellington na wanangu mwaka wa kumi na nne. Mwanangu wa Upareni, kabla hujafika mahali pa watu ni vyema uyajue majina yake, maana hapo palikuwa na wenyewe kabla ya ramani za Waingereza.

Milford Sound wenyeji Wamaori waiita Piopiotahi, yaani piopio mmoja. Piopio alikuwa ndege wa huko, leo hayupo tena duniani. Wanasimulia kwamba Maui, shujaa wa hadithi zao, alipofariki, ndege wake aliruka peke yake mpaka pale kuomboleza.

Na fiodi zenyewe wasema zilichongwa na Tū-te-rakiwhanoa kwa shoka lake. Alianzia kusini, na kazi yake ikawa ikiboreka kila alipopanda kaskazini, hata akafika Piopiotahi na mkono umekwisha kukomaa. Ukitazama ramani utaiona hadithi hiyo: kusini pamekatikakatika visiwa na vijighuba, kaskazini mkato ni mmoja, safi. Basi alipomaliza, akaja Hine-nui-te-pō, mwenye ulimwengu wa wafu, akaona pazuri kupita kiasi. Akahofu watu watakaa wasiondoke. Akawaachilia te namu, wale wadudu wadogo wenye kuuma. Ukiwakuta utajua ni kwa nini kile kituo cha mwisho cha Milford Track chaitwa Sandfly Point.

Tena usichukue jiwe la kijani ukiliona mtoni. Pounamu hiyo, ni mali ya Ngāi Tahu, kabila la Wamaori wa huko, kwa sheria, na kwao ina heshima kubwa.

PichaUpareni · 9 Aprili

Bi Mwanakombo shikamoo. Nimeisoma hadithi hiyo kwa sauti hapa nyumbani, mama yangu akaniambia niirudie.

Bi_Mwanakombo · 9 Aprili

Marahaba mwanangu. Msalimie mamako.

Ulanga_Boy · 10 Aprili

Hao wadudu wa Bi Mwanakombo nimewaangalia picha, mbona ni usubi kabisa! Sisi Mahenge tunawajua, ndio wanaoleta ugonjwa wa usubi unaopofusha macho. Dada asijiingize hatarini jamani.

Kusini_Kabisa · 10 Aprili

@Ulanga_Boy umeona sawa, ni ukoo mmoja na usubi wa Mahenge na Tukuyu, mwenyewe mwanzo niliogopa kwa sababu hiyohiyo. Ila hawa wa New Zealand hawaambukizi ugonjwa. Wanawasha tu, na wanawasha kwelikweli, uvimbe unaweza kukaa wiki. Wanauma mchana, karibu na maji, hewa ikitulia. Ukiendelea kutembea hawakupati. Yaani adui yao mkubwa ni mtu anayetembea, na rafiki yao ni mpiga picha aliyesimama nyuma ya tripodi anasubiri mwanga. Vaa mikono mirefu, suruali nene, glavu nyepesi, wavu wa kichwani, dawa ya kupaka. Dawa isiguse mpira wala plastiki ya kamera, nyingine zinayeyusha.

Mambo ya kuingia nchini, niyamalize hapa:

Viza omba mapema, pasi ya Tanzania inahitaji viza ya mgeni. Kuna na tozo ya uhifadhi na utalii, NZ$100 tangu Oktoba 2024, inalipwa pamoja na viza. Ukipitia Australia angalia viza ya kupita, pasi zetu zinaihitaji hata kama hutoki uwanjani. Zipo ndege zinazotoka Doha moja kwa moja hadi Auckland, zinakuepusha na hilo.

Viatu. Hili nalisema kwa herufi kubwa: OSHA VIATU. Udongo wa Shengena ulioganda kwenye soli, mbegu kwenye zipu ya hema, vyote wanavitafuta uwanjani na wanayo haki, visiwa vile vimeshaumizwa na vitu vya kutoka nje. Piga soli mswaki mpaka ing'ae, halafu kwenye fomu tamka kwamba una viatu vya mlimani na hema. Ukitamka wanakagua na kukurudishia. Usipotamka faini ni NZ$400 papo hapo. Asali ya mama usibebe, wala matunda.

Leseni yetu ya Kiingereza inakubalika na wanaendesha kushoto kama nyumbani. Mafuta jaza Te Anau. Kutoka hapo hadi Milford ni kama kilomita 120 na sehemu kubwa hakuna mtandao wa simu. Ndiyo maana kodisha kile kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti, Te Anau kinapatikana, ni kidogo kama redio ya mfukoni. Ukivunjika mguu kwenye Kepler kifaa hicho ndicho jirani yako.

Mzee_wa_Same · 10 Aprili

Kusini, mwanangu, mafuriko yakoje? Maana mvua hiyo unayoitaja kwetu ingesomba kijiji.

Kusini_Kabisa · 11 Aprili

Shikamoo mzee. Yanatokea. Februari 2020 ilinyesha siku mbili na ushei bila kupumua. Barabara ya Milford ilikatika sehemu nyingi, watalii walinasa Milford na kwenye njia wakatolewa kwa helikopta, na kibanda cha Lake Howden kwenye Routeburn kiligongwa na maporomoko ya udongo watu wakiwa ndani. Walinusurika. Mimi wiki ile nilikuwa na safari ya Te Anau nikaahirisha, na tangu hapo sibishani na onyo la mvua.

Msitu wenyewe unasimama kwa kushikana. Juu ya lile jiwe hakuna udongo wa maana, kuna ukoga na kuvu, miti imefumana mizizi kama mkeka. Ikilemewa na maji au theluji mmoja anateleza na wote wanafuata, hadi baharini. Ukipita Milford kwa boti utaona michirizi mirefu ya jiwe tupu katikati ya kijani, mingine imeanza kuota upya. Hiyo piga picha, dada. Wengi wanaelekeza lenzi kwenye kile kilele cha Mitre Peak peke yake.

Kwa hiyo kanuni za njiani: mlinzi wa kibanda akisema msitoke, msitoke. Kijito kilichofurika usikivuke, kaa usubiri, vinapanda haraka na vinashuka haraka. Na Gertrude Saddle, utaiona kwenye mitandao na bwawa lake zuri, usiende mawe yakiwa mabichi. Ni mwamba laini wenye mteremko, watu wamefariki pale.

Wagumu_Marangu · 11 Aprili

Hapo kwenye mlinzi wa kibanda naunga mkono kwa mikono miwili.

PichaUpareni · 27 Aprili

Kaka Wagumu, nilipima. Kilo 19. Nimepanda nalo hadi Mandara, magoti yaliniambia ukweli. Nimetoa kamera moja, lenzi moja, na tripodi nimebadilishana na rafiki mwenye nyepesi. Sasa kilo 13 na chakula ndani.

PichaUpareni · 19 Juni

Wakuu, Milford Track nimeikosa. Nilikaa macho na mdogo wangu naye kwenye kompyuta yake kule, tukaona tarehe zinageuka moja moja kuwa zimejaa. Niliumia, sitaficha. Ila Kepler tumeipata, usiku tatu: Luxmore, Iris Burn, Moturau, kuanzia tarehe 17 Desemba.

Mpango mpya: tarehe 12 hadi 15 Dunedin kupumzika. 16 Te Anau kukodi kifaa na kununua chakula. 17 hadi 20 Kepler. 21 kufua na kulala. 22 na 23 Doubtful Sound, boti ya kulala. 24 hadi 29 SIJAPANGA KITU, tunalala kambi za bonde la Eglinton, barabara ya Milford, na hema la mdogo wangu. Kaka Kusini, hapo vipi?

Kusini_Kabisa · 20 Juni

Hapo sasa. Mpango huu ningeufuata mwenyewe.

Kwa zile siku sita, kuna matembezi mafupi ya kuchagua kufuatana na mbingu. Mawingu yakiwa juu, panda Key Summit, kama saa tatu kwenda na kurudi, mita 919. Maji ya pale yanagawanyika kwenda mito mitatu, Hollyford, Eglinton na Greenstone, na vidimbwi vyake vinaakisi milima vizuri. Mvua ikiwa ya wastani, nenda njia ya Lake Marian, dakika ishirini za mwanzo tu unakuta maji yanashuka kwenye mawe ya kijani na msitu umeinamia, usifike hata ziwani ukiona pabichi sana. Mvua ikiwa kubwa na barabara iko wazi, vuka Homer Tunnel. Ni tundu la kilomita 1.2 walilolianza 1935, likafunguliwa kwa magari 1954. Unaingia upande mmoja umekauka, unatokea kwenye bakuli la jiwe linalomwaga maji kila upande.

Kuhusu mwanga. Katikati ya Desemba jua linachomoza saa kumi na mbili kasoro na linazama saa tatu na nusu usiku. Mwanga wa jioni hauna haraka kama wa kwetu. Moshi jua likigusa mlima umebaki na dakika chache, kule una saa nzima ya rangi. Mitre Peak ipige alfajiri kutoka ufukweni kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamekupwa vidimbwi vinabaki na kilele chote kinaonekana ndani. Jedwali la kupwa na kujaa utalikuta mtandaoni.

Kwenye boti tripodi haikusaidii, injini inaitingisha. Shika mkononi, shata 1/500 au kasi zaidi.

Na kea. Ni kasuku wa milimani, mkubwa, wa kijani, mwenye akili mno. Usimpe chakula hata akikuangalia vipi. Viatu usiviache nje ya kibanda usiku.

Bi_Mwanakombo · 20 Juni

Doubtful Sound nayo ina jina lake, Patea. Kapteni Cook alipita mlangoni mwaka 1770, akashuku kama upepo ungemtoa akiingia, hakuingia. Wewe waingia, alhamdulillahi.

PichaUpareni · 8 Januari

Nimerudi Moshi. Nimelala siku mbili. Sasa naandika.

Kepler siku ya kwanza ilikuwa jua hadi Luxmore, Ziwa Te Anau lote chini yetu. Jioni mlinzi alitukusanya, akasema upepo utaanza kabla ya mchana, atakayevuka mgongo wa mlima aondoke mapema. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mgongo ule ni mwembamba, pande zote mbili pako wazi, na upepo ulipoanza ulikuwa unasukuma begi kama mtu. Sikutoa kamera kwa saa tatu. Kaka Wagumu, zile nguo kavu kwenye mfuko nilizikumbuka kwa jina lako nilipofika Iris Burn nikiwa nimelowa hadi mifupani.

Doubtful tulivuka Ziwa Manapouri kwa boti, tukapanda basi juu ya Wilmot Pass, tukashuka kwenye maji. Jioni nahodha alizima injini na kila kitu. Watu wote walinyamaza bila kuambiwa. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye ukuta ulio mbali. Pale juu maji ya bahari ni ya rangi ya chai, mvua inashuka na rangi ya majani ya msituni, inaelea juu ya maji ya chumvi, mwanga haushuki mbali. Picha za maji yale ni nyeusi kama wino na milima imesimama ndani yake kichwa chini.

Siku zile sita tupu: tarehe 24 na 25 jua kali, nikapiga Mitre Peak alfajiri, safi, na nikajua nimepiga picha ambayo kila mtu anayo. Tarehe 26 usiku ikaanza. Hema lilikuwa linaimba. Asubuhi mdogo wangu akauliza tufanyeje, nikamwambia twende. Barabara ilikuwa wazi. Tulivuka lile tundu, tukaegesha kwenye maegesho ya upande wa pili, na sikuweza kuongea. Nilijaribu kuhesabu maporomoko nikafika sitini kwa upande mmoja wa kioo cha gari, nikaacha. Nilikaa pale saa nne na nusu. Vitambaa vyote saba vya Rwenzori viliisha. Mdogo wangu alishika mwavuli mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mwingine.

Nimepakia picha tisa hapa chini. Ya nne ndiyo niliyoifuata.

Mzee_wa_Same · 8 Januari

Binti yangu, hiyo ya nne nimeikuza kwenye simu. Kuna mti mmoja umebaki peke yake kwenye lile jiwe lililoporomoka, na maji yamegawanyika kushoto na kulia kwake. Uliuona wakati unapiga?

PichaUpareni · 8 Januari

Shikamoo mzee. Niliuona saa ya tatu, mawingu yalipopanda kidogo. Kabla ya hapo ulikuwa umefunikwa. Ndiyo maana nilikaa.

Rwenzori_Kasese · 9 Januari

Dada, umetumia shata gani hiyo ya nne? Maji yana nyuzi lakini mti haujatikisika.

PichaUpareni · 9 Januari

Nusu sekunde, f/11, ISO 100, lenzi ya 70-200 kwenye 135, polaraiza imezungushwa kidogo tu. Nilipiga 41. Kwenye arobaini upepo ulikuwa unausogeza.